Nyumba Ndani ya Miwani: Maswali ya Wasomaji kuhusu VR na Ujenzi

Barua za mwezi huu zimegeukia jambo moja: miwani ya VR, ile inayofunika macho yote mawili na kukuingiza katika nyumba ambayo bado ni mchoro. Nyingi zimetoka Bukavu, mbili Goma, moja Lubumbashi. Tumezifupisha, maswali hatukuyagusa.

Ninajenga Muhumba, nyumba ya vyumba vinne. Arshitekti amenipa plani ya karatasi, sasa anataka dola za ziada ili anivalishe miwani niitembelee nyumba. Mimi naona ni sinema tu. Nitapata faida gani, na nikivaa niangalie nini?
*Mama wa Muhumba, Bukavu*

Mama, ukimlipa kabla msingi haujachimbwa, faida ipo. Ukimlipa baada ya hapo, umenunua sinema kweli.

Karatasi inakuambia chumba ni mita 3 kwa mita 3.60. Ni wachache wanaoweza kuisikia namba hiyo mwilini. Miwani inalipatia kila jicho picha yake, na ukigeuza kichwa au ukiinama, picha inakufuata. Ndiyo maana ubongo unakubali kwamba uko ndani ya chumba. Wazo lenyewe ni la zamani. Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha namna hiyo mwaka 1968, kizito mpaka kikaning'inizwa darini, na kilichoweza kuchora ni mistari mitupu. Kilichoifikisha kwenye ofisi ndogo za wasanifu ni miwani yenye kompyuta ndani yake, isiyohitaji kebo, kama Quest iliyotoka mwaka 2019. Tangu hapo kosa la ukubwa linaweza kuonekana likiwa bado ni la kufuta kwa kidole, halijawa tofali la kubomoa.

Ukivaa, anza kwa kuipima miwani yenyewe. Chuchumaa, uguse sakafu halisi kwa kishikio cha mkononi. Katika picha, kishikio nacho kiguse sakafu ya nyumba. Kikizama chini yake au kikielea juu yake, kimo cha sakafu kimewekwa vibaya, na wewe unaiona nyumba kwa macho ya jitu au ya mtoto. Akirekebishe kwanza. Kisha simama mlangoni. Mlango wa kawaida una kimo cha mita 2.10 na upana wa sentimita 90. Ukiuona kama lango la kanisa, modeli, yaani nyumba iliyochorwa kwenye kompyuta, ina kosa la kipimo.

Jambo la pili halisemwi na wauzaji. Wachunguzi wengi wamegundua kwamba mtu aliyevaa miwani huona umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo. Kwa hiyo usiseme haraka "salon ni ndogo, ongeza mita." Dawa yake ni rahisi: pima kwa futi salon unayoishi sasa, urefu, upana na kimo, mpe msanifu aichore kama sanduku tupu. Kazi hiyo haimchukui nusu saa. Ingia kwanza humo kwa dakika tano, kisha ndipo uingie katika nyumba mpya. Utakuwa unalinganisha kisichojulikana na unachokijua.

Sasa vitu vya ndani. Baadhi ya picha hupambwa kwa vitanda vidogo na makochi membamba ili chumba kionekane kikubwa. Mwambie aweke kitanda cha mita 1.60 kwa 2.00, kabati lenye kina cha sentimita 60, na baada ya hapo ibaki njia ya sentimita 70 walau upande mmoja. Jikoni, kati ya meza mbili zinazotazamana iwepo mita 1.20, mtu aliyeinama kwenye oveni asizibe njia ya mwingine. Halafu uliza mbabula, jiko lako la makala, itakaa wapi. Modeli nyingi huazima jiko la Ulaya zima zima kutoka maktaba ya programu, na ndani yake hamna mahali pa makala, pa moshi, wala pa sufuria ya watu ishirini.

Na kaa chini. Kiti cha kweli kiwekwe nyuma yako, ukae ukiwa umevaa. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi yako karibu mita 1.10 kutoka sakafuni. Kama kizingiti cha dirisha kiko mita 1.20, ziwa ulilolipia katika bei ya parseli utaliona ukiwa umesimama tu. Kishushwe hadi sentimita 80 au 90, na ghorofani kilindwe kwa reli.

Mpishi wa nyumba avae pia, kisha baba, kila mmoja kwa zamu. Kila mnachobadilisha kiandikwe kwenye plani ya karatasi palepale, na tarehe na sahihi zenu wawili. Fundi atajenga karatasi, hatajenga yale mliyoyasema mkiwa mmefunikwa macho.

Ni mwanafunzi wa usanifu. Modeli yangu, niliyoichora kwa programu ya SketchUp, inatembea vizuri kwenye kompyuta, lakini nikiipeleka kwenye Quest 2 kuta zinatetemeka na picha inakwama. Wenzangu wanasema ninunue kompyuta nyingine. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Nyawera, Bukavu*

Subiri kwanza. Una magonjwa mawili, na kompyuta mpya haitaponya la kwanza.

Kutetemeka kwa kuta mara nyingi ni kosa la mahali. Bila shaka ulichukua pointi za mpima ardhi jinsi zilivyo, katika UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita za mashariki na za kaskazini, kanda ya 35 kusini. Hapa Bukavu namba ya kaskazini huanzia milioni 9.7 za mita. Programu nyingi zinazolisha miwani hutunza mahali kwa namba za biti 32, zenye tarakimu kama saba tu za uhakika. Namba ikishapita 8,388,608, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni mita moja nzima. Kwa namba ya mashariki, ambayo hapa inaangukia kwenye laki saba, hatua ni sentimita 6.25. Ukuta wako hauna pa kusimama katikati ya hatua hizo, unarukaruka. Chagua jiwe moja la mpaka liwe sifuri, toa namba zake kwenye pointi zote, na uandike pembeni kiasi ulichotoa ili uweze kurudi kwenye ramani ya ardhi baadaye.

Kama kinachotetemeka ni uso mmoja tu, tuseme zulia juu ya sakafu, basi ni nyuso mbili zilizolaliana mahali pamoja. Futa mmoja, au uinue sentimita moja.

Kukwama ni suala la uzito. Kwenye mwendo wa picha 72 kwa sekunde, miwani ina milisekunde 13.9 kutengeneza picha ya macho yote mawili. Kwenye mwendo wa 90 ni 11.1. Skrini ya kompyuta ikichelewa huoni kitu. Kwenye miwani tumbo linajua mara moja. Punguza kwa mpangilio huu, ukijaribu baada ya kila hatua ili ujue nini kilikuwa mzigo.

Miti kwanza. Kila umbo kwenye modeli limeungwa kwa pembetatu ndogo; mti mmoja wa maktaba unaweza kubeba laki kadhaa, na wewe umepanda kumi na miwili. Weka ya bapa kwa mbali, na mmoja tu wa kweli karibu na baraza. Pili, futa visivyoonekana: skrubu za bawaba, ndani ya friji, vyombo vya choo vilivyochorwa mpaka uzi wa bomba. Bomba lenye pande 24 likipewa pande 8, nani ataliona tofauti? Tatu, picha zinazobandikwa juu ya nyuso ili zionekane kama rangi, mbao au tofali. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa inakula MB 64 za kumbukumbu. Ya 1024 kwa 1024 inakula MB 4. Rangi ya ukuta haihitaji ile kubwa. Nne, unganisha vitu vyenye nyenzo moja viwe kitu kimoja, maana kila kitu kinachojitegemea ni amri nyingine kwa kadi ya picha. Mwisho, vivuli: vichorwe kabisa juu ya kuta mapema ndani ya programu ya Blender, ambayo ni ya bure, badala ya kuilazimisha miwani ivihesabu upya kila mara.

Ikiwa miwani inafanya kazi peke yake, usivuke pembetatu laki saba. Ukishindwa kabisa kufika hapo, ndipo uitumie kompyuta ifanye hesabu na miwani ionyeshe tu. Hapo kadi ya picha yenye GB 8 inatosha kwa nyumba ya familia, ukiwa na kebo ya USB 3 au ruta ya GHz 5 katika chumba hichohicho, nayo kompyuta imeunganishwa na ruta kwa waya. Picha zinapita kwenye ruta, hazipiti intaneti, kwa hiyo megabaiti zako hazimalizwi na kazi hiyo.

Parseli yangu Kadutu inateremka sana. Kwenye miwani nilionyeshwa bustani tambarare na watoto wanacheza. Shantie imeanza, bustani imekuwa ukuta. Miwani inadanganya?
*Baba wa watoto sita, Kadutu, Bukavu*

Pole, mzee wetu. Ile bustani haikutoka kwenye miwani, ilitoka kwa mtu aliyechora ardhi kama meza. Programu nyingi huanza na uwanja bapa, na mvivu huuacha hivyo.

Hata anayeleta mteremko kutoka kwenye ramani za setilaiti hajafika mbali. Data za urefu zinazotumiwa sana bila malipo zilipimwa na chombo cha angani cha Marekani mwezi Februari 2000, na pointi zake zimeachana mita 30 hivi. Parseli ya mita 20 kwa 25 inaingia yote katikati ya pointi hizo. Kilima cha Kadutu kitakuwa laini kama mgongo wa ng'ombe, na ule mporomoko wa mita mbili nyuma ya choo hautaonekana kamwe.

Kinachotakiwa ni kupima papo hapo. Mwenye darubini ya kupimia na aitumie. Asiye nayo, mpira mwembamba wa plastiki angavu uliojaa maji na vigingi vinatosha: gawanya parseli kwa miraba ya mita 2.50, upate pointi 9 kwa 11, yaani 99. Ongeza juu na chini ya kila ukingo, mifereji, na ukuta wa jirani wa juu na wa chini. Kabla ya kuanza weka ncha mbili za mpira pamoja. Maji yakitofautiana, kuna hewa imenasa ndani, na kila kipimo kitakachofuata kitakuwa cha uongo. Droni inafaa kwa eneo kubwa, ikiwa na kibali, na picha zikilaliana asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa ubavu. Lakini droni inapima majani ya migomba, haioni udongo ulio chini yake.

Ardhi ikishaingia sawasawa, miwani inakuwa rafiki mkubwa kuliko mahali pengine popote, maana mteremko ndio unaosomeka vibaya zaidi kwenye karatasi. Simama mlangoni pa nyumba, inua kichwa: ukuta wa kuzuia udongo una kimo gani juu yako? Ukuta wa mita 3 ulioachana na dirisha mita 1.50 unafanya chumba kuwa pango, na kwenye plani ulikuwa mstari mmoja tu.

Ngazi, hapana. Ngazi ihesabu. Ndani ya miwani unapanda kwa kidole gumba, na kidole hakichoki. Tuseme barabara iko mita 6 juu ya mlango wako. Vipandio 35 vinatoa kimo cha sentimita 17.1 kila kimoja. Ukitumia kanuni ya zamani ya Mfaransa Blondel, kimo mara mbili ukijumlisha na upana kiwe kati ya sentimita 60 na 64, upana wa sentimita 28 unatoa 62. Hiyo ni nzuri. Lakini vipandio 35 vinahitaji urefu wa mita 9.52 kwa ulalo, na vituo viwili vya kupumzikia vya mita moja kila kimoja, jumla zaidi ya mita 11.50. Hizo mita zipo kwenye parseli? Na ni nani atabeba bidon ya lita 20 kwa vipandio 35, mara ngapi kwa siku? Hilo liulizwe na anayeteka maji.

Na udongo. Ukuta wenye matundu ya kutolea maji na usio nayo vinafanana kabisa ndani ya miwani. Wa pili ndio unaosukumwa na maji ya mvua hadi ulale. Matundu ya sentimita 5 hadi 7.5, kila baada ya mita 1.50 hadi 2, na kokoto nyuma yake: hayo yatafutwe kwenye mchoro wa mhandisi. Mji huu ulitikiswa na tetemeko tarehe 3 Februari 2008, na vilima vyake huporomoka mvua zikizidi. Nyumba iliyopendeza machoni haijapimwa kwa lolote kati ya hayo.

Mteja wangu mzee alivaa miwani dakika tatu akaona kizunguzungu, akakataa mradi mzima. Nifanyeje na wengine?
*Msanifu, Nguba, Bukavu*

Macho yalimwambia anatembea, sikio la ndani likamwambia amesimama. Mgogoro huo ndio unaoleta kichefuchefu, na mwenye kusababisha mara nyingi ni wewe uliyeshika kishikio ukimpeleka kwenye korido.

Usimsukume mtu. Ndani ya picha ahamishwe kwa mruko mmoja kutoka pointi hadi pointi, au atembee kwa miguu yake mwenyewe katika nafasi tupu ya mita 2 kwa 2. Kugeuka kuwe kwa mkato wa nyuzi 30 au 45, si kwa kuzunguka polepole. Mzee akae kwenye kiti kisichozunguka. Panga umbali wa lenzi kulingana na mboni za macho yake: Quest 2 ina nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68, na mtu mzima wa kati huangukia karibu na 63. Lenzi zikikaa vibaya picha ina ukungu, na mtu huchoka bila kujua sababu. Mwenye miwani ya macho aivae ndani kwa kutumia kile kipande cha nafasi kinachokuja kwenye kifurushi.

Dakika kumi, kisha avue. Akitoka jasho, akipiga miayo au akinyamaza ghafla, vua sasa hivi. Anayevumilia huumwa hadi jioni. Mwenye kifafa asivalishwe. Watoto walio chini ya miaka 10, watengenezaji wa Quest wenyewe wanawakataza.

Salon yangu inatazama kaskazini, ina vioo vikubwa. Kwenye miwani ilikuwa kivulini mwaka mzima. Sasa tangu mwezi wa tano jua linaingia, makochi yanapauka. Mchoraji anasema programu haikosei.
*Mkazi wa Golf, Lubumbashi*

Programu haikukosea. Ilihesabu jua la mji mwingine.

SketchUp, kwa mfano, ukiifungua bila kuiambia uko wapi, hujiona iko Boulder, Colorado, nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Huko jua la mchana liko kusini siku zote, na dirisha la kaskazini ni la kivuli. Lubumbashi iko nyuzi 11.67 kusini. Kuanzia karibu tarehe 18 Februari hadi karibu tarehe 24 Oktoba, jua la saa sita mchana linapita kaskazini mwako. Tarehe 21 Juni linasimama nyuzi 55 tu juu ya upeo, na kupitia kioo chenye kimo cha mita 2.10 kisicho na paa juu yake linaingia ndani karibu mita moja na nusu.

Mchoraji aandike latitudo −11.67, longitudo 27.48, saa UTC+2, na kaskazini ya kweli, si ya dira. Kisha afanye jaribio hili: asimamishe nguzo kwenye modeli, aweke tarehe 24 Oktoba, saa sita kasoro dakika sita mchana. Kivuli cha nguzo kinatakiwa kiishie miguuni pake, maana jua liko utosini. Kivuli kikibaki kirefu, modeli bado iko Colorado.

Kwa dirisha lako: kutoka ukingo wa paa hadi kizingiti kukiwa na mita 1.50, paa litokeze mita 1.05 ili kukinga jua la mchana la Juni. Ila tungekushauri usikimbilie hapo. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi kwenu, na jua hilo linapasha nyumba bure. Pazia jepesi litaokoa makochi. Adui wa Lubumbashi ni ukuta wa magharibi mwezi wa kumi. Saa kumi alasiri jua liko nyuzi 30 hivi, na kukinga mita 1.50 hiyohiyo ungehitaji paa la kutokeza mita 2.60. Hakuna anayejenga hivyo. Magharibi weka madirisha madogo, mbao za kukinga zilizosimama wima, au mwembe.

Joto lenyewe hamtalisikia ndani ya miwani hata mkilijaribu mara mia, wala kelele za mvua juu ya mabati. Ndiyo sababu dari hufutwa kwanza bajeti ikibana: haikuonekana kuwa na kazi.

Ni fundi wa mawe. Enjenia kijana anataka tuvae miwani tujenge kwa kuangalia humo, bila plani. Tukubali?
*Fundi, Majengo, Goma*

Vaeni, lakini plani yenye vipimo ibaki mkononi. Miwani haina futi. Mtu anayekadiria sentimita kwa jicho humo ndani anakosea, na kosa lake halina karatasi ya kulishitaki.

Wewe ndiye wa kumfundisha kitu. Muulize kuta za modeli yake zina unene gani. Programu nyingi huanza na sentimita 15 au 20. Ukuta wako wa jiwe jeusi la volkano una 40 au zaidi. Kama vipimo vya nje vimeshikwa, nyumba iliyochorwa kwa kuta za 15 na kujengwa kwa kuta za 40 inapoteza nusu mita ndani kwa urefu, na nusu mita nyingine kwa upana. Kila ukuta wa kati wa jiwe unakula 25 zaidi. Mteja alitembea ndani ya miwani katika nyumba ambayo mawe yako hayawezi kuijenga.

Mahali ambapo miwani itawasaidia nyote ni kabla ya kumwaga dali, ile sakafu ya zege ya juu. Ingieni chini ya dari mwangalie mabomba na mihimili pamoja. Bomba la choo la milimita 110 linahitaji mteremko wa asilimia 2: kwa mita 6 linashuka sentimita 12. Wengi hulichora likiwa limelala sawa, likapita vizuri chini ya muhimili kwenye modeli, na siku ya kazi likaupiga katikati. Halafu fundi anaambiwa atoboe. Usitoboe, lirudi kwa enjenia, bomba lihamishwe.

Mwanangu yuko Ubelgiji ndiye anayelipa nyumba. Hatuna miwani ya bei kubwa. Kuna njia ya simu?
*Bibi, Himbi, Goma*

Ipo, bibi. Msanifu atoe picha za mzunguko mzima, kamera ikiwa kimo cha mita 1.60, moja katikati ya kila chumba na isisogee ukutani chini ya mita moja. Kila picha iwe pikseli 8192 kwa 4096. Mwanao aziweke kwenye simu ndani ya kile kifaa cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili, cha aina ambayo Google iliileta mwaka 2014. Atageuza kichwa na kuona pande zote, ila akisogea mbele picha haisogei, kwa hiyo asiitumie kuamua ukubwa wa vyumba. Kwa WhatsApp zitumwe kama faili. Zikitumwa kama picha, zinabanwa na mistari inakuwa uji.

Miwani ya ofisi yetu imepata madoa ya manjano katikati, hayafutiki. Tulitumia alkoholi, haikusaidia.
*Ofisi ya michoro, Ibanda, Bukavu*

Madoa hayako kwenye lenzi. Miwani iliachwa lenzi zikitazama dirisha, na lenzi zikafanya kazi ya kioo cha kukusanyia jua: miale imeunguza skrini iliyo ndani. Dakika chache za jua la moja kwa moja zinatosha, na haitengenezeki ila kwa kubadili skrini. Alkoholi nayo inaharibu utando wa juu wa lenzi za plastiki, iacheni. Tumieni kitambaa kikavu cha miwani ya macho. Sehemu inayogusa uso ndiyo ya kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya mteja. Miwani mpya ikifika, ilazwe lenzi chini juu ya kitambaa, au ndani ya mfuko wake, hata kwa muda wa kwenda kufungua mlango.